Kinyozi Aliyepoteza Upande wa Kushoto

Watu walimwita Profesa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Shule aliachana nayo mapema, tena kwa amani, kila upande ukishukuru. Lakini mtu akishaketi kwenye kiti cha kunyolea, akafungwa shuka shingoni, hana pa kukimbilia, na Profesa alilijua hilo vizuri. Alikuwa akikipapasa kichwa cha mteja kama mama anayechagua tikiti sokoni, kisha anaanza mhadhara. Kisogo kikichomoza, mwenyewe ana kumbukumbu ya ajabu. Mwenye komwe, yaani paji lililochomoza, ni mtu wa mipango. Mwenye kichwa bapa juu ya masikio asiambiwe siri. Na mwenye utosi uliochongoka ni mbishi. Akikataa, basi huko kukataa ndiko ushahidi.

"Mimi nimeshika vichwa vingi kuliko daktari yeyote," alipenda kusema.

Katika hilo hakudanganya. Ila alivishika kwa nje tu, kama fundi rangi anayejigamba kuwa anajua siri zote za nyumba kwa sababu amepaka ukuta wake.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimegoma kuzunguka. Nyuma ya pazia alikaa mkewe na cherehani yake. Pazia halizuii sauti, kwa hiyo mama huyo alizijua nadharia zote za vichwa kwa moyo, na kila mumewe alipoanza mhadhara mpya alikanyaga pedali kwa nguvu mpaka sindano ikalia kama mvua juu ya bati. Profesa aliamini mkewe anachapa kazi.

Zahanati waliwahi kumwambia ana presha, wakampa vidonge. Alivimeza mpaka kopo likaisha, akasema basi, imetosha. Kichwa ni chake, anakijua.

Asubuhi ya siku yenyewe aliamka kichwa kizito kama amelalia jiwe. Mkewe alikuwa ameshatoka, amewahi kupeleka sare za kwaya alizoshona. Profesa akajinyoa ndevu, akavaa, akanywa chai, akaenda saluni. Mlangoni aligonga bega la kushoto kwenye fremu. Akaulaumu mlango. Akagonga tena kwenye kona ya meza. Akailaumu meza, na aliyeiweka pale, ambaye ni yeye mwenyewe.

Mteja wa kwanza alikuwa mlinzi wa benki, pande la mtu, aliyetoka zamu ya usiku. Alitaka kunyolewa nywele zote, kwa kuwa anakwenda kupiga picha ya kitambulisho kipya. Aliketi, akasema "Profesa, leo usinihubirie," na kabla shuka halijafungwa vizuri alikuwa anakoroma. Profesa akafanya kazi yake kwa utulivu. Mashine ilipita, brashi ikapita, spiriti ikapita. Akatazama kwenye kioo: kichwa kinang'aa kama sahani. Akamgusa bega. Mlinzi akaamka nusunusu, akaweka pesa mezani, akavaa kofia yake ya kazi na kutoka akipiga miayo.

Haukupita muda, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya Profesa, kofia mkononi.

"Profesa, nimekukosea nini?"

Profesa akamtazama. Mtu wa watu ana msitu kichwani.

"Ee, bosi! Umerudi? Mbona nywele zimeota upesi hivyo? Kaa, kaa nikunyoe."

"Usinifanyie mzaha! Mpiga picha amecheka mpaka amekaa chini!"

"Sasa mimi na mpiga picha tunahusianaje? Kaa."

Akamkalisha, akamgeuza kwenye kioo, kisha akashangaa. Kichwa safi, hakuna unywele.

"Lakini bosi, wewe umenyolewa! Tena vizuri. Nani amekunyoa?"

 Baadaye mlinzi alisimulia kwamba hasira zilimwisha palepale, maana mwenye maneno hayo hakuwa akitania. Akamtazama Profesa usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umenyolewa vizuri. Upande wa kushoto ndevu zilikuwa zimesimama kama zilivyoamka. Shati lilikuwa limevaliwa mkono mmoja tu, mkono mwingine wa shati unaning'inia mgongoni. Na mguu wa kushoto haukuwa na kiatu.

Mkewe aliporudi alikuta wanaume wawili, kila mmoja nusu kanyolewa, wanatazamana.

"Baba watoto, kiatu kiko wapi?"

"Kiatu gani? Nimevaa." Akainua mguu wa kulia kuonyesha.

"Na huo mwingine?"

"Mwingine upi?"

Mama akaishika meza. Mlinzi ndiye aliyetoka kusimamisha teksi, naye ndiye aliyembeba Profesa alipokataa kwenda, akidai ana wateja. Hospitali, daktari wa zamu aliwatazama wote watatu: mwanaume mwenye nywele nusu, mwanaume mwenye ndevu nusu, na mwanamke anayelia. Akauliza kwa upole, "Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Huyu hapa," Profesa akajibu haraka, akimwonyesha mlinzi. "Nywele zake hazieleweki."

Kilikuwa kiharusi. Mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo, na kipande kikakosa damu. Mkono na mguu wa kushoto ilikuwa imelegea, lakini hilo Profesa hakulikubali. Alisema hana ugonjwa wowote, kaletwa pale kwa fitina za mlinzi. Daktari wa wodi, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, alikuja asubuhi ya pili, akainua mkono wa kushoto wa Profesa na kumletea mbele ya macho.

"Huu mkono ni wa nani?"

Profesa akauchunguza kwa makini, kama anayetambua mali iliyopotea. "Huo ni wa shemeji."

"Shemeji yako yuko hapa?"

"Hayupo. Ndiyo tabia yake, huacha vitu ovyo."

Sasa hivi, akiwasimulia wateja, Profesa hufika hapa akacheka mpaka akazima mashine. Lakini kuna sehemu moja haisimulii saluni. Ile ya mkewe.

Kitanda cha Profesa wodini kiliwekwa hivi kwamba dirisha na mgonjwa mwenzake, mzee aliyevunjika mguu, walikuwa kulia. Kiti cha mgeni kilikuwa kushoto. Siku ya tatu Profesa alimgeukia yule mzee akamwambia kwa uchungu, "Unaona dunia, mzee wangu? Mke niliyeishi naye miaka yote hii, tangu niletwe hapa hajanitembelea. Hata salamu."

Mzee alichungulia ng'ambo ya kitanda cha Profesa. Kisha akasema, "Sasa huyo anayekumenyea chungwa ni nani, mwanangu?"

"Yupi?"

Mkewe alikuwa kwenye kiti, upande wa kushoto. Alikuwa ameketi pale tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameongea naye, naye akajibu bila kugeuka, akidhani ni redio ya wodini. Mama akaweka chungwa kwenye sahani. Akasimama, akakizunguka kitanda polepole kupitia miguuni, mpaka akafika upande wa dirisha. Uso wa Profesa ukang'aa.

"Ee! Umekuja! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa mbali kidogo," mkewe akasema, akampangusa mdomo.

Huo ndio wakati Profesa alipoanza kushuku kwamba pengine shemeji hana makosa. Hakuelewa bado. Ila aliona macho ya mkewe, na macho hayo hayakuwa ya mtu aliyefika sasa hivi.

Daktari alimpa karatasi na kalamu, akamwambia achore saa ya ukutani. Profesa akachora duara zuri, maana mkono wa kulia ulikuwa mzima, akajaza namba. Zote kumi na mbili alizibana upande wa kulia, zikagandamana kama abiria waliokimbilia upande mmoja wa gari. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Hata fundi saa hawezi zaidi."

Ndipo daktari akaleta ubongo wa plastiki, unaofunguka vipande vipande, akauweka mezani mbele ya mume na mke. Profesa akaupokea kwa dharau kidogo. Baada ya kushika vichwa vingi vile, alitarajia kitu kikubwa zaidi.

"Mimi, dokta, mambo ya vichwa ni fani yangu," akaanza. "Kwa mfano kisogo, pale ndipo penye kumbukumbu."

"Kisogoni ndipo unapoonea," daktari akasema.

"Naonea kisogoni? Macho si yako huku mbele?"

"Macho yanapokea mwanga na kupeleka habari. Inayozifanya habari hizo kuwa uso wa mkeo au kikombe cha chai ni sehemu hii ya nyuma kabisa. Ikiumia, mtu anaweza kuwa na macho mazima na asione kitu."

 Kwa hesabu za haraka za Profesa, nusu ya mtaa alikuwa amewapa kumbukumbu ambayo hawana.

"Na kumbukumbu iko wapi?"

"Haikai mahali pamoja. Lakini mambo mapya huanza kuhifadhiwa huku ndani, usawa wa masikio. Pembeni hapa pia ndipo tunaposikia." Akafungua kipande kingine. "Hii ya mbele, nyuma ya paji, ndiyo inayopanga mambo, inayopima, na inayotuzuia tusiseme kila kinachotujia kinywani."

"Hiyo yake ilikuwa mbovu tangu siku ya harusi," mkewe akasema.

Daktari akacheka, akaendelea. Chini ya kisogo akaonyesha kitu mithili ya ngumi iliyokunjwa, ubongo mdogo, ambao hushika mizani ya mwili na kulainisha kila mwendo. Mlevi anapoyumba, huo ni miongoni mwa vinavyokuwa vimevurugwa. Chini zaidi, shina linaloshuka kwenda shingoni, hilo husimamia pumzi na moyo bila kumwuliza mwenyewe.

"Afadhali lisiniulize," Profesa akasema. "Na maneno?"

"Kwa watu wengi maneno yako upande wa kushoto. Sehemu ya mbele husaidia kutamka, ya nyuma kuelewa. Upande wako huo haukuguswa hata kidogo."

"Tumeona," mkewe akajibu kwa niaba ya wodi nzima.

Kisha daktari akaweka kidole juu na nyuma ya sikio la kulia la ule ubongo wa plastiki. "Wewe umeumia hapa. Nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayoongoza mkono na mguu wa kushoto. Na sehemu hii ndiyo inayochora ramani: mwili wako unaishia wapi, vitu viko wapi, kipi kinastahili kutazamwa. Macho yako hayana kasoro, Profesa. Ni kwamba ubongo wako umeacha kuuliza habari za kushoto. Na kwa kuwa hauulizi, haujui kama kuna kitu umekosa."

"Ndiyo maana nilimwona mlinzi ana nywele?"

"Ulinyoa kulia kwake ukiwa nyuma yake. Kwenye kioo kulia kunabaki kulia, ukaona kazi safi. Aliposimama mbele yako mkatazamana, upande wake wa kushoto ndio uliokuja kulia kwako. Ukaona msitu."

Profesa akakaa kimya, jambo ambalo mkewe alilikumbuka kwa muda mrefu. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na komwe? Komwe halina maana yoyote?"

"Lina maana kwamba mtu ana komwe."

Akamfikiria shemeji, yule yule aliyesingiziwa mkono. Miaka iliyopita alimwambia mbele za watu kwamba kwa paji lile jembamba asithubutu kufanya biashara. Shemeji sasa ana malori.

Mazoezi yalisimamiwa na mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Alibandika utepe mwekundu ukingoni mwa kila kitu: sahani, gazeti, kioo. "Usianze mpaka uuone mwekundu!" Bila utepe Profesa alikuwa anakula wali wa upande mmoja kisha analalamika kuwa hospitali inawapunja. Siku moja alisoma kichwa cha habari kwa sauti, "Kupanda kwa bei ya mafuta!" na wodi nzima ikaanza kulaani. Mzee wa mguu akaliazima lile gazeti. Maandishi yalisema waziri amekanusha kupanda kwa bei ya mafuta. Waziri na kukanusha kwake vilikuwa kushoto.

Na kiti cha mkewe kikaanza kusafiri. Mwanamke wa mazoezi alimwagiza akae kwanza upande wa dirisha, halafu kila siku akisogeze kidogo kuelekea miguuni, akiongea bila kukoma, na Profesa amfuate kwa macho. Mama huyo, ambaye maisha yake yote alikuwa msikilizaji wa lazima, akawa mhadhiri. Akamweleza habari za mitindo ya mikono ya gauni, za mteja aliyenenepa akakataa kukubali, za pedali aliyokuwa akiikanyaga na sababu yake. Profesa alisikitika sana kuhusu hiyo pedali. Lakini alizidi kumtafuta. Kiti kilipozunguka miguuni na kuanza kupanda upande wa kushoto, kulikuwa na siku alimpoteza kabisa, akaita kama mtu aliyeachwa kituoni. Mkewe akagonga fremu ya kitanda kwa mkasi. "Huku. Endelea. Huku." Shingo ikageuka kwa shida, kama bawaba yenye kutu, mpaka ikamfikia.  Mzee wa mguu akajifanya anatazama dirishani.

Hakupona moja kwa moja. Bado mkono wa kushoto ni mzito, na akichoka upande huo unafifia, akaanza kugombana na milango. Lakini alirudi kazini. Mwanamke wa mazoezi ndiye aliyempa njia: mkono wa kushoto utangulie. Sasa huuweka kwanza kwenye sikio la kushoto la mteja, ukae pale kama mlinzi mlangoni, kisha mashine ianzie upande wa kulia na kwenda mpaka mikono miwili ikutane. Mikono ikikutana, kichwa kimeisha. Isipokutana, kuna mtu atachekwa mtaani. Juu ya hayo, hakuna mteja anayetoka bila kukaguliwa. Mkewe hutoka nyuma ya pazia, futi ya kupimia shingoni, na kusema, "Geuka. Tena." Mlinzi wa benki bado ni mteja, ila tangu siku ile hasinzii, hukaa amekodoa macho kama yuko lindoni, na kofia ameipakata.

Mhadhara upo, umebadilika tu. Mteja akiuliza kisogo chake kinasema nini, Profesa humjibu, "Kinasema kinataka kunyolewa." Vidonge vya presha viko mezani karibu na spiriti, na hakuna anayenyolewa hapo bila kuulizwa mara ya mwisho alipima presha lini. Wengine wameanza kusema afadhali zile nadharia za komwe.

Mwaka uliofuata, yule daktari mfupi alimwita. Wodini kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyepatwa na jambo lilelile, hakubali kwamba anaumwa, na labda angemsikiliza mtu aliyepitia. Profesa alijiandaa siku nzima. Alirudia mbele ya kioo sehemu zote za ubongo, za mbele na za nyuma, kubwa na ndogo, akavaa koti, mkewe akakagua kama mikono yote miwili imeingia.

Mwalimu alikuwa mama mwembamba, mgongo umenyooka hata kitandani. Profesa alimwamkia, akavuta kiti, akaanza vizuri kabisa. Alikuwa amefika kwenye shina la ubongo mwalimu alipoinua mkono wa kulia.

"Wewe umetumwa na nani?"

"Na dokta, mwalimu. Mimi nilikuwa kama wewe. Upande wa kushoto ulinipotea, na sikujua."

"Pole sana," mwalimu akasema. "Lakini mimi sina tatizo. Tatizo ni hawa watu. Wananiletea chakula nusu."

Profesa alitazama sahani. Nusu ya kushoto ilikuwa imejaa, haijaguswa. Akafungua mdomo. Alikuwa na jibu, tena zuri, lenye ramani na mishipa, na mahali pa kuchekesha katikati. Akamtazama yule mama usoni, akakumbuka jinsi alivyokuwa na uhakika juu ya lile duara la saa.

"Kweli," akasema, "hapa chakula ni kidogo." Akaishika sahani, akaizungusha taratibu.

Mwalimu akatazama. "Umeona? Mpaka mtu aje alalamike ndipo wanaongeza." Akaanza kula.

Profesa alibaki ameketi, amepakata mkono wake mzito. Mwalimu alipomaliza, akapangusa mdomo, akamwuliza anafanya kazi gani. Akamwambia ni kinyozi.

"Nilidhani wewe ni mhubiri. Unasema sana." Akatafakari kidogo. "Ukija tena, njoo na gazeti. Humu hakuna cha kusoma."

"Nitakuja Jumatano, mwalimu," Profesa akasema, akasimama kuutafuta mlango.